Sura ya Tano: Ndege Yuko Juu, Mbona Tunasema Ametua?

Mjukuu wangu wa darasa la tatu alirudi nyumbani na daftari lenye mkato mmoja mwekundu. Zoezi lilikuwa la kujaza pengo: "Ndege ame____ juu ya mti." Yeye aliandika "amepanda". Mwalimu akalikata neno hilo, akaandika pembeni "ametua". Mtoto hakulia. Alikuja kudai haki.

"Babu, kutua si kushuka?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, mara nyingi.

"Mama akitua ndoo, ndoo inashuka. Jua likitua, linashuka. Sasa ndege yuko kule juu. Ametuaje?"

Nilitaka kumrudisha kwa mwalimu wake, lakini huko alishapita. Aliambiwa ndivyo inavyosemwa. Jibu hilo ni la kweli, ila halimshibishi mtu aliyeuliza kwa njaa. Na swali lake si la watoto peke yao. Nimelisikia kwa wafasiri waliokwama kwenye sentensi moja asubuhi nzima, kwa wageni wanaojifunza Kiswahili, na kwa watu wazima waliozaliwa nacho ambao hawakuwahi kulifikiria mpaka walipoulizwa na mtoto. Neno linalomshusha mzigo mama, likaliangusha jua, linawezaje kumweka ndege kileleni?

Sura hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Tuanze kichwani kwa mama

Tuwaache ndege kidogo, twende bombani. Mama amejaza ndoo ya lita 20. Peke yake hawezi kuinyanyua mpaka kichwani, kwa hiyo anamwita mwenzake: "Nitwike." Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Akifika nyumbani anamwita mwanawe: "Nitue." Hasemi "shusha ndoo". Anasema mimi nitue. Anayetuliwa ni yeye, kwa sababu uzito ulikuwa wake.

Watanzania wanaijua sentensi hii kutoka kwenye mikutano ya hadhara. Kaulimbiu ya miradi ya maji ni "kumtua mama ndoo kichwani". Angalia ilivyopangwa: mama ndiye mtendwa, ndoo inafuata nyuma. Aliyeitunga alikisikiliza Kiswahili cha bombani, maana angeweza kuandika "kuondoa ndoo kichwani kwa mama" na kaulimbiu ingekufa siku hiyohiyo.

Kutwika na kutua wana ndugu wa tatu, kutwaa. Leo kutwaa ni kuchukua tu, kama timu inavyotwaa kombe. Zamani sana, katika lugha ambayo Kiswahili na ndugu zake wa Kibantu walitokana nayo, maneno haya matatu yalikuwa jamii moja ya ubebaji: moja la kubeba kichwani, moja la kupandisha mzigo, moja la kuuweka chini. Alama zake bado zipo kwa majirani. Nchini Rwanda na Burundi mzigo ni umutwaro. Mjini Kampala, mwenyeji wako akikuambia "tuula wansi", anakualika uketi chini. Kwa Mnyarwanda gutura ni kuishi mahali, na mkazi wa mahali ni umuturage. Kwa maneno mengine, kukaa kitini na kukaa katika nchi, kwa watu hawa wote, kulianzia pale mzigo ulipotoka kichwani.

Msomaji makini ameiona herufi iliyopotea. Waganda wana l, Wanyarwanda wana r, sisi hatuna kitu: ni tua tu. Kiswahili kiliimeza l ile katika maneno mengi, lakini hakikuitupa. Sema fungua, kisha sema fungulia. Sema chukua, kisha chukulia. Ile l ilikuwa imejificha, na ukirefusha kitenzi inatoka. Vivyo hivyo tua inazaa tulia. Likumbuke neno hilo, kwa sababu huko mbele litatupeleka mwezini.

Kitenzi kimoja, kazi mbili

Kiswahili kwa kawaida hutofautisha kwa uangalifu anayefanya jambo na kinachofanyiwa. Mtu anashuka, lakini mzigo anaushusha. Moto unawaka, lakini taa unaiwasha. Huwezi kusema "nimeshuka gunia" ukaeleweka.

Kutua hakufuati utaratibu huo. Kuli ametua gunia. Ndege ametua. Hakuna kilichobadilika katika kitenzi: hapa kina mzigo mbele yake, pale hakina. Kwa muda mrefu niliona hili kama ukorofi mdogo wa lugha, mpaka siku moja nikamtazama kunguru akitua kwenye ukuta wa jirani. Alikuja akipiga mbawa kwa nguvu, akanyoosha miguu mbele, akashika, kisha akakunja mbawa. Mabega yakashuka. Ukitaka kujua sura ya mtu anayetuliwa gunia la mahindi, mtazame kunguru anapokunja mbawa.

Ndege naye ana mzigo. Mzigo wake ni mwili wake, na mchukuzi ni yeye mwenyewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walisema wahenga, na sisi huitumia methali hiyo kuwasema watu wanaojitegemea. Tuisome kama ilivyo. Angani hakuna wa kumsaidia ndege. Kila gramu ya mwili wake inabebwa na ubawa. Anaposhika tawi, tawi linapokea, na ubawa unapumzika.

Basi kutua ni kukabidhi uzito. Anayekabidhi anaweza kuukabidhi kwa ardhi, kwa tawi, kwa paa la bati au kwa waya. Swali la juu au chini halimo ndani ya neno lenyewe. Tunalitia sisi, kwa kuwa mizigo tunayoijua sana ni ya kichwani, na kichwa kipo juu ya ardhi.

Mapagazi wa zamani wangelielewa hili bila maelezo. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mtu mmoja alibeba takriban kilo 30, kichwani au begani, kwa miezi. Msafara ulipofika pa kulala, ulitua. Walitua mizigo, na kwa kutua mizigo wakawa wametua wao. Huwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili, na wala lugha haikujaribu.

Baharini ni hivyohivyo. Jahazi likikaribia bandari, mabaharia hutua tanga: tanga lile zito na foromali yake, yaani mti mrefu unaolishikilia, huteremshwa. Mlingoti umetuliwa mzigo.

Nani anatua, na nani hatui?

Maelezo mazuri ya neno lazima yajue pia kukataa. Kama kutua ni kukabidhi uzito uliokuwa hewani, basi wapo watakaokaa juu na tusiweze kusema wametua. Tuwapime.

Mkwezi yuko juu ya mnazi, anaangua nazi. Ametua? Hapana. Amepanda, amekwea. Tangu alipoanza chini, mguu mmoja ulikuwa daima umeegemea mti. Hapakuwa na wakati alioubeba mwili wake peke yake hewani. Nyani naye amepanda. Ila nyani akiruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, tunasema bila kusita: akaruka, akatua tawi la pili. Mnyama ni yuleyule, urefu ni uleule, lakini safari hii palikuwa na pengo la hewa katikati.

Mlinzi wa mpunga hukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa shambani ili mtu awaone kweleakwelea wakija. Jina lake jingine ni ulingo. Ndio ulingo huohuo ulioingia katika ndondi na siasa, ukasahau mpunga. Mlinzi hupanda ulingoni, hakai huko kwa kutua. Kweleakwelea ndio wanaotua, na wakishatua, mlinzi ana kazi.

Bondia naye yuko ulingoni amesimama, lakini ngumi yake imetua kidevuni mwa mwenzake. Mpira umetua wavuni. Paka kaanguka kutoka ukutani akatua kwa miguu minne. Yote haya yalipita hewani kwanza.

Kuku wananipa shida, nakiri. Jioni wanaruka kwenye fito za bandani. Hapo wametua, sawa. Lakini ukiingia usiku ukawakuta wamejipanga, huwezi kusema wametua. Utasema wamelala. Neno la kutua lina muda wake wa kuisha, na usingizi ni mojawapo ya mambo yanayolifuta.

Na popo? Popo wa Pemba, wale wakubwa wenye mbawa pana wanaoonekana kwa mamia huko Kidike, huwasili mtini kwa kuruka, wakashika tawi kwa miguu, kisha wakageuka kichwa chini. Kufika kwao ni kutua. Kukaa kwao ni kuning'inia. Uzito umekabidhiwa, ila kwa kutundikwa.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Kutua kunahitaji kitu kilichokuwa kikibeba uzito wake, au kilichokuwa kimebebwa.
- Kunahitaji kitu kingine cha kuupokea uzito huo.
- Hakuhitaji ardhi.

Waliopanda mpaka wakatua

Kama kuna anayeshikilia kwamba kutua lazima kuwe kuelekea chini, nina ushahidi wa kilometa 384,000.

Huo ndio umbali wa wastani kutoka duniani hadi mwezini. Julai 1969 Wamarekani watatu waliusafiri katika chombo cha Apollo 11: Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins. Tarehe 20, saa tano na dakika 17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Armstrong na Aldrin walitua. Watu walikuwa wameinua macho kuutazama mwezi, na midomo ileile ikasema wametua. Hakuna aliyeona ajabu. Chombo chao kidogo kilikuwa na jina la ndege, Tai, na taarifa ya kwanza ya Armstrong kutoka pale ilikuwa kwamba Tai ametua.

Collins hakutua. Alibaki katika chombo kikuu akiuzunguka mwezi peke yake, akiwasubiri wenzake. Alisafiri safari yote, alifika, akarudi na heshima zake, lakini kitenzi hiki hakimpati. Uzito wa safari yake haukupokelewa na mwezi.

Jambo linalonifurahisha zaidi limo katika jina la mahali. Uwanda ule ambao wanafalaki wa zamani waliudhania bahari tunauita kwa Kiswahili Bahari ya Utulivu. Utulivu umetoka kwenye tulia, na tulia imetoka kwenye tua. Mwingereza na Mfaransa wanapolisimulia tukio lile wanatumia maneno mawili yasiyojuana, moja la kushuka kwa chombo na moja la jina la bahari. Mswahili anasema walitua katika Bahari ya Utulivu, na sentensi nzima imeshonwa kwa uzi mmoja. Sikumbuki mtangazaji yeyote aliyewahi kulitaja hilo. Nalitaja mimi, kwa kuchelewa.

Ametua, anatua, alitua

Turudi kwa wafasiri. Kiingereza kina kitenzi maalumu cha ndege kukaa juu ya tawi, na kingine cha kufika pale. Mfasiri anatafuta kitenzi cha kukaa juu katika Kiswahili, hakipati, anaandika "ndege amekaa juu ya tawi", kisha anajilaumu kwamba lugha yetu ina upungufu.

Lugha haina upungufu, imeliweka jambo hilo mahali pengine. Limo katika -me-. Ukisema "ndege anatua", bado miguu haijashika. Ukisema "ndege alitua", umesimulia jambo la zamani na hujui yuko wapi sasa. Ukisema "ndege ametua", umesema mawili kwa pamoja: amefika, na bado yupo. Silabi hiyo moja inafanya kazi ya kitenzi kizima cha lugha nyingine. Kwa hiyo mfasiri mwenzangu, andika "ndege ametua mtini" ukalale. "Amekaa" iache kwa ndege ambaye kufika kwake hakukuhusu, yule uliyemkuta pale na utamwacha pale, kama wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, kaloli wa Kampala, ambao siku nyingine huonekana kana kwamba walipandwa pamoja na miti.

Kuna herufi nyingine ndogo yenye kazi kubwa. "Ndege ametua" ni yule wa manyoya. "Ndege imetua" ni ile ya abiria. A na i tu, na hakuna Mswahili anayechanganya. Rubani kwa upande wake ameitua ndege, kama kuli anavyotua gunia. Na uwanjani kuna "njia ya kurukia na kutulia ndege". Usidhani wanakwenda kupumzika pale. Tulia hiyo ina maana ya kutua juu ya kitu, maana ya zamani kabisa ya neno, iliyohifadhiwa katika lami.

Kwa kuwa tumetaja mahali pa kutua, niwajibu pia wale wanaouliza kila wamwonapo kunguru kwenye waya wa umeme kwa nini hafi. Umeme hupita mwilini pale unapopata njia ya kuingia na ya kutokea. Miguu yote miwili ya kunguru iko kwenye waya mmoja, na tofauti ya nguvu ya umeme kati ya mguu na mguu ni ndogo mno. Akigusa waya wa pili kwa ubawa, au akagusa waya na chuma cha nguzo kwa wakati mmoja, anakufa. Ndiyo maana ndege wakubwa, tai na korongo, huuawa zaidi na nyaya kuliko shomoro. Mbawa zao zinafika.

Asiyetua, na anayetua vibaya

Yuko ndege anayefanana na mbayuwayu, mbawa zake zimepinda kama mundu. Vitabu vya ndege vinamwita teleka. Teleka wa Ulaya huja Afrika kukimbia baridi. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden walieleza walichokipata baada ya kuwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kurekodi mwendo: wako waliokaa angani miezi kumi bila kutua hata mara moja. Walikula hukohuko juu. Miguu ya teleka ni mifupi mno hata kusimama tawini hawezi. Akija kuzaa hung'ang'ania ukuta au mwamba kwa makucha. Kati ya viumbe wote ninaowajua, ndiye aliyekaribia zaidi kukataa kutua.

Wapo ambao tungependa wasitue kamwe. Mwishoni mwa 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya katika uvamizi ambao nchi hiyo haikuuona kwa miaka 70. Mkulima akiona wingu la nzige likipita juu hapigi makofi, lakini pia halii bado. Anaangalia kama litatua. Nzige husafiri mchana na kutua jioni, na kundi lililotanda kilometa moja ya mraba linaweza kula kwa siku moja chakula cha watu wapatao 35,000. Hasara yote imo katika kile kitenzi. Lakini nafuu pia imo humo, kwa sababu nzige waliotua, asubuhi kabla jua halijawapasha moto mbawa, ndio wanaopulizika dawa kwa urahisi.

Mbu wa malaria anaangushwa kwa tabia hiyohiyo. Akishakunywa damu huwa mzito, na mara nyingi hutua ukutani, ndani ya nyumba, ili ajipumzishe. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, uliofanyika Zanzibar, Kagera na kwingineko, umejengwa juu ya jambo hilo moja. Dawa haimfukuzi mbu hewani. Inamsubiri pale anapokabidhi uzito wake.

Watoto wa tua

Neno lililozaa sana hufahamika kwa wanawe kuliko kwa sura yake lenyewe. Kituo ni mahali pa kutua, asili yake kwa mizigo. Leo kuna kituo cha basi, cha afya, cha polisi, cha mafuta, cha kupigia kura. Wakenya wengi husema steji kwa cha basi, na sigombani nao, ila wanakosa jambo moja: Mswahili anapomwambia mtu "huna kituo", hazungumzii usafiri. Anamaanisha ndege asiyepata tawi, leo yuko hapa, kesho kule, biashara hii kaacha, ile kaanza.

Kituo pia ni alama ya kuandika. Ile nukta mwisho wa sentensi ni mahali msomaji anapotua pumzi. Katika ushairi, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, na ukirudiwa ubeti baada ya ubeti wengi huuita kibwagizo. Angalia majina yalivyochaguliwa. Kubwaga nako ni kuweka mzigo chini, ila kwa kishindo. Mshairi hubeba ubeti mabegani, mishororo mitatu, kisha ama anautua au anaubwaga. Walioyapa mashairi majina haya waliishi na mizigo.

Tofauti ya kutua na kubwaga ni ya adabu. Anayetua anajali kilichomo, anayebwaga amechoka nacho. Wenyeji wengi hulieleza jina la Bagamoyo kwa "bwaga moyo", na maelezo yanatofautiana juu ya nani aliubwaga na kwa nini. Lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba mji ule uliitwa kwa sababu watu walitua moyo. Kutua moyo ni jambo la amani, na hadithi ile, kwa namna yoyote utakayoisikia, si ya amani.

Kutuama ni hali ya kitu kilichotua kikaganda hapohapo. Maji yaliyotuama ndiyo tunayoambiwa tuyafukie, mbu wasizaliane. Kutulia ni kutua kulikoingia ndani ya mtu. Mtoto mtulivu ameweka chini kitu kisichoonekana. Vijana wa mjini wamelipeleka neno mbele zaidi: shati "limetulia", nyumba "imetulia", yaani ni nzuri, haina cha kuongeza wala kupunguza. Wazee hulalamika. Mimi naona vijana wamelitumia sawasawa. Kitu kilichokamilika hakining'inii.

Waandishi wa michezo ndio ninaogombana nao. "Straika mpya atua Jangwani." "Kocha atua Msimbazi." Hayo ni makao ya klabu mbili za soka za Dar es Salaam. Mtu aliyekuja kwa ndege, sawa, katua. Lakini nimesoma vichwa vya habari ambamo timu imetua Morogoro kwa basi na kiongozi katua kijijini kwa gari. Basi halikuwa hewani. Najua watanijibu kwamba "atua" ni fupi kuliko "awasili", na kichwa cha habari kina nafasi finyu. Hoja hiyo naielewa, ila "afika" ina herufi tano tu.

Lilibaki jua

Mjukuu wangu aliniletea mifano mitatu: ndoo, ndege na jua. Miwili nimeijibu.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya mwisho wa siku. Jua linakuchwa, na hapo ndipo tulipopata machweo. Kutwa ni ndugu wa kuchwa, na ndiye unayekutana naye kwenye shule ya kutwa na kwenye bahasha ya dawa iliyoandikwa kutwa mara tatu. Jua linazama. Na jua linatua.

Kuzama kunahitaji maji. Ukikaa Forodhani, Zanzibar, saa kumi na mbili jioni, utaliona jua likiingia baharini, kwa kuwa Mji Mkongwe unaitazama magharibi. Hapo limezama, na mtu asibishane nawe. Lakini sisi wa Dar es Salaam bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini asubuhi, linapita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa bila kuegemea popote, na jioni linaishia nchi kavu, nyuma ya nyumba na vilima vya Pugu. Kwetu jua halizami. Linafika mahali pa kuegemea, kama ndege, na kama mama kutoka bombani.

Ukiandika insha ukiwa Dar es Salaam, mimi nikawa msahihishaji wako, "jua lilizama" nitaikata kwa kalamu nyekundu. Nitaandika pembeni "lilitua", na safari hii nitakueleza kwa nini.